Baba anasubiri majibu ya kipimo, nimeambiwa hofu yangu ndiyo inayofunga muujiza wake. Wakristo wenzangu, imani ni nini hasa?

#1 Mleta uzi

Habari za saa hizi wakuu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo imebidi niandike. Baba yangu ana uvimbe. Wiki mbili zilizopita walichukua kinyama kidogo kikapelekwa maabara, tukaambiwa tusubiri simu. Aliyewahi kusubiri simu ya namna hiyo ananielewa. Namba ngeni ikipiga, kabla sijapokea nimeshaomba, nimeshalia na nimeshapanga mazishi, yote ndani ya miito mitatu. Halafu unakuta ni mtu amekosea namba.

Kilichonileta hapa si ugonjwa wenyewe, ni neno nililoambiwa. Jumapili baada ya ibada ndugu mmoja tunayesali naye aliniuliza mzee anaendeleaje. Nikamjibu kama ilivyo: "Tunasubiri majibu, na ninaogopa." Akanishika bega, kwa upendo kabisa, akasema: "Hiyo hofu ndiyo inayofunga muujiza wa mzee. Usikiri ugonjwa, kiri uponyaji." Nikaitikia amina kwa mazoea. Usiku ule sikulala. Maana kama alichosema ni kweli, basi baba akifa nitakuwa nimemuua mimi, kwa kuogopa.

Tangu siku hiyo nimekuwa naisoma Biblia kama mtu anayekagua mkataba aliousaini bila kuusoma. Naweka hapa nilichokiona, mnikosoe.

La kwanza ni neno lenyewe. Imani, amini, amana, amani, mwaminifu: yote ni mzizi mmoja tuliouchukua kwenye Kiarabu, na ile "amina" ya Kiebrania tunayofungia maombi ni ndugu yao wa damu. Sasa fikiria amana. Unapoweka amana kwa mtu hutabiri lolote. Unamkabidhi kitu chako kwa sababu unamjua yeye, kisha unaondoka mikono mitupu. Paulo akiwa kifungoni, na akijua mwisho wake umekaribia, anamwandikia Timotheo: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake." Angeweza kusema anajua yatakayompata. Hakusema. Alisema anamjua *nani*.

La pili ni Yeremia 29:11, mstari ulioandikwa kwenye kalenda, vikombe na kadi za mahafali kuliko mwingine wowote. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi..." Nimeukiri mstari huu tangu utotoni na sikuwahi kusoma wa juu yake. Wa juu yake unasema miaka 70. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 K.K., na mji wao ulikuwa bado haujabomolewa. Hilo lilikuja 586. Sura ya nyuma yake kuna nabii mwingine, Hanania, aliyetangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yamekwisha, mateka wanarudi nyumbani. Bila shaka Hanania ndiye aliyepigiwa makofi. Yeremia akawaandikia: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto wenu. Yaani mtu mzima aliyeisoma barua ile alijua, kwa hesabu ya vidole tu, kwamba yeye binafsi hatarudi. Na ni huyo huyo aliyeambiwa "mawazo ya amani wala si ya mabaya".

Naogopa kwamba wengi wetu tunalishikilia neno la Yeremia kwa moyo wa Hanania. Swali langu sasa: mtu anaweza kuwa na imani na akawa anaogopa? Au ndugu yangu wa Jumapili ana haki?

#2 Kiti cha Nyuma

Nimewahi siti. Ngoja waje wenye Biblia zao.

#3 Askari wa Zamu

Mleta uzi, pole kwa mzee. Ila tusipindishe maandiko kwa sababu ya maumivu. Bwana mwenyewe amesema, Mathayo 21:22, "Na yo yote mtakayoyaomba katika sala mkiamini, mtayapokea." Yakobo naye katika waraka wake: aombe kwa imani pasipo shaka yo yote, mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Maandishi yako wazi. Ninyi wa siku hizi mmeitafutia hofu jina zuri, mnaiita "uaminifu wa moyo". Mimi niliugua nikakataa ugonjwa kwa kinywa changu na leo nadunda. Ndugu yako hakukosea, labda amekosea namna ya kusema.

#4 Mashaka Tele

Mimi siamini kama ninyi lakini uzi umenivuta. Nina swali moja la kistaarabu. Kipimo kikija safi mtasema utukufu kwa Mungu. Kikija kibaya mtasema mapenzi ya Mungu. Huu ni mpira gani ambao timu moja haifungwi hata siku moja? Yule ndugu wa Jumapili angalau anaweka kitu mezani kinachoweza kupimwa. Wewe mleta uzi, kwa maelezo yako, hata miaka 70 ikipita bado unahesabu ni ahadi.

#5 Mama wa Mmoja

Nimesoma #3 nikafunga simu, nikatembea uani, nikarudi.

Kaka Askari, nafurahi ulipona, nasema kwa moyo. Mimi mimba yangu ya pili ilifika miezi saba. Nilikiri kila asubuhi mkono ukiwa tumboni, sikuruhusu hata mtu aseme neno "ikiwa". Mtoto alizaliwa kimya. Waliokuja baadaye walinigawanyia majibu: mmoja akasema kuna dhambi, mwingine akasema Mungu alimpenda zaidi, mwingine, mama mtu mzima kabisa, akaniuliza siku gani *niliacha* kuamini. Nikakaa natafuta hiyo siku. Nilitafuta karibu mwaka.

Kilichonishika mkono ni Zaburi ya 88. Sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Zaburi nyingi za kulia zinaanza gizani zinaishia kwenye sifa. Hata ya 13 inayouliza "hata lini" mara nne inamalizia kwa kuimba. Ya 88 haipandi. Inaanza na kilio na neno lake la mwisho ni giza. Na imo kwenye kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu, imewekewa waimbaji! Nilipoiona nikajua kuna mtu alisali hivi na hakufukuzwa nyumbani.

Na jambo moja kwa mnaotembelea wafiwa na wagonjwa. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi pekee waliyoifanya vizuri katika kitabu chote. Walipofungua midomo wakaharibu, wakaendelea kuharibu sura baada ya sura. Mimi ninayemkumbuka ni jirani aliyekuja akaosha vyombo, akaondoka. Hata sala hakusali, au alisali akiosha, sijui.

#6 Kiti cha Nyuma

Nimekuja kwa utani, naondoka na machozi. Dada #5, Mungu akushike.

#7 Msomaji wa Pembeni

Nichangie kidogo kwa Askari wa Zamu, maana hoja yake si ya kubeza, mistari ile ipo kweli.

Fungua Matendo sura ya 12. Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, mstari wa 2. Anamkamata Petro, kanisa linamwomba Mungu kwa juhudi, malaika anamtoa gerezani. Mitume wawili, sura moja, mfalme mmoja. Nani atasema waliomwombea Yakobo walikuwa na shaka na waliomwombea Petro hawakuwa nayo? Halafu angalia, hapa ndipo mimi huwa nacheka mwenyewe. Petro anakwenda kwenye nyumba ile ile wanamoomba, anabisha mlango, binti Roda anatambua sauti yake, kwa furaha anasahau kumfungulia, anakimbia ndani kuwaambia. Wanamjibu nini watu hawa wa maombi? "Una wazimu." Walikuwa wanaomba atoke na hawakuamini kwamba ametoka! Na alikuwa ametoka, tena amesimama nje kwenye baridi ya usiku. (Baridi nimeiongeza mimi, haimo.) Kama muujiza unafungwa na shaka, Petro angekuwa bado kwenye minyororo.

Kuna na yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sentensi nusu imani nusu upungufu wake. Yesu hakumwambia arudi ikishatimia asilimia mia. Mtoto aliponywa siku hiyo hiyo.

Wimbi la Yakobo, yule wa waraka, kwa ninavyosoma mimi, ni mtu wa nia mbili. Ndivyo anavyomwita mistari miwili mbele, "mtu wa nia mbili husita-sita katika njia zake zote". Ni mtu anayemwomba Mungu huku jicho lake liko kwa bwana mwingine. Mwenye mkono wa baba yake mikononi, akitetemeka na bado anaomba, ana nia moja tu jamani.

#8 Askari wa Zamu

Hiyo ya Roda nakubali sikuwahi kuitazama hivyo. Lakini bado Yesu aliwaambia watu "imani yako imekuponya". Hakusema "amana".

#9 Mzee wa Kengele

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamkunipa. Nimetumika kanisani miaka mingi, nimezika watu wengi kuliko niliowabatiza, nadhani.

Askari, mwanangu, "imani yako imekuponya" aliambiwa mwanamke aliyegusa vazi, naye alikuwa na imani ya kunyemelea kwa nyuma, na alipoitwa mbele akaja akiogopa na kutetemeka. Imeandikwa. Hofu na imani vilikuwa ndani ya mwili mmoja siku ile.

Tena niwaulize. Paulo ambaye leso zake ziliponya wagonjwa aliomba mara tatu mwiba uondoke, akaambiwa "Neema yangu yakutosha". Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Mtume anamwacha mwenzake mgonjwa anasafiri! Timotheo alikuwa na tumbo la kumsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, akashauriwa anywe mvinyo kidogo. Hakuambiwa akiri. Na Luka alikuwa tabibu, tena mpendwa. Ukiondoa watu hawa wote kwa sababu imani yao ilikuwa ndogo, huko Agano Jipya utabaki na nani?

Yesu mwenyewe aliletewa habari ya mnara wa Siloamu, au niseme aliutaja yeye, ulioangukia watu 18 wakafa. Akawauliza watu kama wanadhani hao 18 walikuwa na kosa la kipekee. Akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Nimesubiri miaka yote hii aeleze, hajaeleza.

Mleta uzi, nina neno kwako peke yako. Bwana wako katika bustani aliomba kikombe kimwepuke. Luka anasema jasho lake likawa kama matone ya damu. Kama hofu ni dhambi inayofunga mbingu, basi utakuwa na shida na mtu uliyemwamini. Lala usingizi mwanangu.

#10 Rozari Mfukoni

Kutoka upande wetu wakatoliki nichomekee moja. Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997. Miaka kumi baadaye, 2007, barua zake kwa waungamishi wake zilichapishwa na watu wakashangaa: kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya utumishi alikuwa akiomba bila kuhisi uwepo wa Mungu, giza tupu ndani. Nje anawaosha wanaokufa, ndani hasikii kitu. Mwaka 2016 akatangazwa mtakatifu, barua zikiwa zinajulikana kwa kila mtu. Kwa hiyo kusikia amani moyoni si kipimo. Mimi nilidhani ni kipimo.

#11 Mleta uzi

Nimerudi wakuu. Nilikuwa kazini, nasoma kwa kuiba. Mzee wa Kengele, shikamoo. Nilisoma yako chooni ofisini ikabidi nikae humo kidogo.

Dada #5, sina neno, na umeshatufundisha kutokuwa nalo.

Mashaka Tele, nimekuacha muda mrefu kwa sababu swali lako ndilo gumu kuliko yote. Kama imani ni utabiri wa matokeo, umenifunga goli safi: utabiri unaokubali matokeo yote si utabiri. Ndiyo maana naikataa imani ya aina hiyo, hata ya ndugu yangu wa Jumapili, maana yeye naye hapimiki. Mgonjwa akifa atasema kulikuwa na shaka mahali fulani. Umeona dada #5 alivyotafutishwa tarehe ya kosa lake.

Mimi baba yangu wa mwilini sikumwamini kwa sababu kila nilichomwomba alinipa. Kuna mengi alininyima na mengine mpaka leo sijui sababu, na nikimuuliza anajifanya hasikii. Namwamini kwa sababu ya alivyokuwa nami. Sasa Ukristo unadai kwamba kuna jambo limetendeka huko nyuma linaloonyesha Mungu ni wa namna gani. Hapo ndipo timu yetu inaweza kufungwa, na Paulo amekuonyesha goli lilipo: "kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure." Hakusema kama Trofimo hakupona. Mezani ameweka kaburi. Ukitaka tubishane kuhusu kaburi, fungua uzi, nitakuja. Lakini usinipime kwa uvimbe wa mzee, mimi mwenyewe sitaki kumpima Mungu kwa huo.

Na bado, niwe mkweli, usiku saa nane haya yote hayanisaidii sana. Saa nane usiku nina sala ya maneno mawili tu, "tafadhali" na "basi".

#12 Mashaka Tele

Nimekuelewa. Sikubaliani kuhusu kaburi, ila jibu lako halikunikwepa, na hilo ni nadra. Mzee apone. Sina wa kumwomba lakini natamani.

#13 Msomaji wa Pembeni

Hiyo ya Mashaka Tele, "sina wa kumwomba lakini natamani", nimeinakili mahali.

Kitu kidogo kwa wapenda maandiko. Kuna kauli ya Ayubu inayopendwa sana, 13:15, wengi wanaisema "hata akiniua nitamtumaini". Fungueni Union Version ya Kiswahili: "Tazama, ataniua, sina tumaini." Kinyume kabisa! Sababu ni neno moja dogo la Kiebrania linalotamkwa *lo*: likiandikwa hivi ni "si", likiandikwa vile ni "kwake", na wanakili wa zamani walihifadhi yote mawili, moja ndani ya maandishi na jingine pembeni. Wataalamu wachague wanavyotaka. Mimi nimeishi na yote mawili, kwa zamu, wakati mwingine siku moja. Na nusu ya pili ya mstari haibadiliki: Ayubu anasema atailetea kesi yake *mbele yake*. Hana tumaini na bado haendi mahakama nyingine.

#14 Askari wa Zamu

Mleta uzi, naomba nikuambie kitu na wengine wasome. Niliposema nadunda sikusema yote. Mwaka ule nilipopona, mdogo wangu alikuwa wodi nyingine. Naye alikiri. Tulikiri wote wawili kwa simu. Sijawahi kujua la kufanya na habari hiyo, nikachagua kusimulia nusu yangu.

Nikiuona mstari wa wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, wakimjibu mfalme mbele ya tanuru, huwa naruka haraka: "Bali kama si hivyo." Mungu wetu aweza kutuokoa, *bali kama si hivyo*, hatuabudu sanamu yako. Leo nimekaa nao.

Mpe mzee salamu zangu. Ndugu yako wa Jumapili usimkasirikie sana, pengine naye ana nusu anayoificha.

#15 Mama wa Mmoja

Kaka Askari. Pole. Jina la mdogo wako tutalitaja nyumbani kwetu leo hata kama hatulijui.

#16 Mleta uzi

Wakuu, simu imepigwa leo asubuhi. Namba ngeni, miito mitatu, mnajua.

Majibu hayajitoshelezi. Kinyama kilikuwa kidogo, wanataka kuchukua kingine, halafu tusubiri tena. Yaani nilijiandaa kwa ndiyo na nikajiandaa kwa hapana, nikapewa "bado". Nilitaka kulia, nikashindwa hata kujua nalia nini.

Nikamweleza mzee taratibu nikimtazama usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza hicho kipimo kingine ni lini, nikamwambia Alhamisi wiki ijayo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama fundi ameshamaliza miwani yake, maana ni wiki ya tatu sasa na herufi za Biblia yake ni ndogo.

Nimetoka kumpigia fundi. Anasema kesho jioni.

#17 Mzee wa Kengele

Alhamisi tupo. Andika saa.